Programu Imetoka, Jina Limebaki

(Mazungumzo na makatibu na waweka hazina wa vikundi)



Leo tuzungumze juu ya kompyuta ya kikundi. Vikundi vingi sasa vinaweka hesabu za akiba na mikopo kwa kompyuta, na mara nyingi ni kompyuta iliyotumiwa na wengine kwanza. Inakuja na programu zisizotuhusu. Basi mtu anafuta folda ya programu asiyoitaka, anafikiri kazi imekwisha. Kesho akifungua orodha ya programu, jina lingali pale. Kwa nini?

Chukueni mfano wa mwanachama aliyehama kijiji. Nyumba imebomolewa, lakini jina lake bado liko kwa daftari la katibu. Kompyuta ya Windows nayo ina daftari lake, linaitwa rejistri. Tangu Windows 95, iliyotoka mwaka wa 1995, programu nyingi zikiingizwa huandikwa humo. Ukifuta folda peke yake umebomoa nyumba tu. Daftari hukuligusa.

Sasa tufanye nini?

1. Kwanza kabisa, nakilini hesabu za kikundi kwa flashi diski, na flashi hiyo ikae kwa mtu mwingine.

2. Toeni programu kwa njia yake. Fungueni Control Panel, nendeni kwa orodha ya programu, chagueni jina, halafu bonyezeni Uninstall.

3. Kama folda ilishafutwa, fanyeni vivyo hivyo. Mara nyingi Windows itasema pengine programu imekwisha kutolewa, na kuuliza kama iondoe jina katika orodha. Jibuni Yes.

4. Jina likikataa, ingizeni programu ile ile upya, kisha itoeni kama nilivyosema.

Je, jina lililobaki lina madhara? Kwa kawaida hapana. Ni mistari michache tu, na haifanyi kompyuta iwe nzito. Lakini hapa ndipo watu wanaliwa pesa. Tangazo linatokea kwa skrini: kompyuta yako ina makosa mamia, lipa tuisafishe! Msikubali. Kampuni ya Microsoft, wenye Windows, wamesema wazi hawaungi mkono programu za kusafisha rejistri. Zikifuta mstari unaohitajika, Windows yaweza kukataa kuwaka, ikabidi iwekwe upya. Kama hamna nakala, hesabu zaweza kwenda nayo. Na mama aliyeweka shilingi hamsini kila wiki, atathibitisha akiba yake kwa nini?

Kwa hivyo, katika mkutano ujao amueni ni nani ana ruhusa ya kuingiza na kutoa programu, na uamuzi uandikwe kwenye kumbukumbu. Kazi ikiwashinda, iteni fundi mnayemjua, na mmoja wenu aketi naye mpaka amalize. Rejistri yenyewe msiiguse kwa kubahatisha.

Sasa nangojea maswali yenu.