Injini Ikinguruma Steji, Nani Analipa?

(Mazungumzo na madereva, makondakta, wenye matatu na wafanyabiashara wa steji)

Tunawashukuru kwa kuacha kazi saa hii, maana tunajua kila dakika mnayokaa hapa kuna abiria anapanda gari la mwingine. Kwa hivyo hatutazunguka sana. Tumekuja kuzungumza juu ya mafuta yanayoteketea wakati gari limesimama na injini inaendelea kunguruma.

Labda mtu atauliza, watu wa huduma za jamii wanajua nini juu ya injini? Ni kweli, sisi si mafundi. Lakini kazi yetu hutuingiza majumbani. Tukikaa na familia za watu wa matatu na kuandika mapato na matumizi, shida ni moja: abiria walikuwako, gari lilifanya kazi tangu alfajiri, lakini jioni kilichobaki hakitoshi unga na ada ya shule. Mwenye gari anataka pesa yake kamili kila siku. Mafuta mara nyingi yanatoka kwa dereva na kondakta. Basi mafuta yakipotea, yanapotea mfukoni mwa hao wawili kwanza.

Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA hutangaza bei mpya, na sisi sote hushika vichwa. Bei hiyo hatuwezi kuishusha kutoka hapa. Lakini kuna mafuta ambayo hayampeleki abiria hata hatua moja, na hayo yako mikononi mwetu.

KIASI GANI KINAPOTEA?

Injini iliyowashwa haipumziki. Hata gari likisimama tuli, pistoni zinapanda na kushuka, pampu ya maji inazunguka, altaneta inachaji betri, na feni inapuliza. Yote hayo yanataka mafuta. Ukiongeza muziki mkubwa na taa, altaneta inabeba mzigo zaidi, na injini inakula zaidi.

Wizara ya Nishati ya Marekani imechapisha vipimo vya jambo hili. Gari dogo la petroli lenye injini ya lita 2, likisimama bila mzigo wowote, hutumia zaidi kidogo ya nusu lita kwa saa moja. Gari kubwa la petroli lenye injini ya lita 4.6 hutumia kama lita moja na nusu. Basi kubwa la dizeli la abiria hupita lita 3 kwa saa. Kumbukeni hapo basi halijasonga hata mita moja.

Sasa tufanye hesabu yetu wenyewe. Tuchukue matatu ya watu 14, na tukadirie kidogo kabisa: nusu lita kwa saa. Gari kuukuu lenye nozeli chafu linaweza kupita hapo. Tuseme linanguruma steji dakika 20 kabla ya kila safari, safari tisa kwa siku. Hizo ni saa 3, yaani lita moja na nusu. Kwa mfano lita ikiwa shilingi 180, ni shilingi 270 kwa siku. Ukifanya kazi siku 26, ni shilingi 7,020 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 84,240.

Ndugu zetu, shilingi 270 haionekani. Inatoka kidogo kidogo kama maji kwenye mtungi uliopasuka chini. Lakini elfu saba kwa mwezi, kuna mtu hapa analipa nyumba kwa pesa hiyo.

“NIKIZIMA, ITAWAKA?”

Tumesikia sababu zenu, na hatuzipuuzi.

Wa kwanza anasema kuwasha upya kunakula mafuta mengi. Fikira hiyo ni ya siku za kabureta. Maabara ya taifa ya Argonne, huko Marekani, ilipima magari yenye injeksheni, na ikaona kwamba kusimama na injini ikiwaka kwa zaidi ya sekunde 10 kunatumia mafuta kuliko kuzima na kuwasha tena. Serikali ya Kanada, kwa kufikiria pia stata na betri, inashauri dereva azime kama atasimama zaidi ya dakika moja, isipokuwa akiwa kwenye msongamano barabarani. Sisi tunaweza kushika hiyo ya dakika moja. Hakuna anayewaambia mzime kila mara abiria anaposhuka.

Wa pili anasema betri yake ni mgonjwa, akizima itabidi abiria washuke kusukuma. Huyo ana sababu, lakini dawa yake si kunguruma siku nzima. Kwa hesabu tuliyofanya, mafuta yanayopotea katika miezi michache yanaweza kununua betri mpya. Hapa wenye magari mtusikilize: betri, stata na nozeli ni za gari, na gari ni lako. Ukimpa kijana gari lisilowaka, usimlaumu akiogopa kuzima.

Wa tatu anasema gari lake lina turbo. Ni kweli, kama umetoka kupanda mlima na mzigo, acha injini itulie dakika moja au mbili ndipo uzime, ili turbo isiungue. Dakika mbili, si ishirini.

Wa nne, na huyu ndiye anasema ukweli wa steji, anatuambia hivi: “Nikizima, abiria wanadhani sitoki leo. Wanaingia gari la jirani linalonguruma.” Huyu tutamrudia.

USIZIME MTEREMKONI

Kabla hatujaendelea, kuna onyo. Tusije tukasikika vibaya. Tunazungumza juu ya gari lililosimama. Kuna madereva ambao, ili kuokoa mafuta, hutelemka mlima wakiwa wameweka fri, au hata wamezima injini kabisa. Mnaijua barabara ya kutoka Salgaa kwenda Sachang'wan, na mnajua makaburi yaliyotokana na malori yaliyoshindwa na breki pale. Ukizima injini, breki zinakosa msaada wake, pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na usukani unakuwa mzito. Ukiweka fri, unabaki na breki peke yake kushikilia mzigo wote, zinapata moto na kushindwa.

Tena hasara ni mara mbili. Gari la injeksheni likitelemka ndani ya gia, mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta, mara nyingi mfumo wake hukata mafuta kabisa, kwa sababu magurudumu yenyewe ndiyo yanazungusha injini. Ukiweka fri, injini inarudi kunywa mafuta ili isizimike. Kwa hivyo anayetelemka na fri anahatarisha watu 14, na hata mafuta hakuokoa.

MOSHI UNAKWENDA WAPI?

Akina mama mliokaa na mboga na mahindi pale steji, bomba la moshi liko karibu na usawa wa uso wenu mkikaa. Mtoto aliye mapajani yuko chini zaidi, na mtoto huvuta pumzi haraka kuliko mtu mzima. Mwaka 2012, shirika la kuchunguza saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani kwa binadamu. Kondakta anayesimama mlangoni siku nzima akiita abiria, naye anavuta moshi huohuo.

Na kuna hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Usiwashe gari ndani ya gereji iliyofungwa, hata asubuhi ya baridi, hata kwa dakika chache. Watu wamelala wasiamke.

TUKUBALIANE PAMOJA

Sasa tumrudie yule ndugu wa nne. Ana haki. Mmoja akizima peke yake, anapoteza abiria, na kesho atawasha kama wengine. Magari matano yananguruma kwa sababu kila mmoja anamwogopa mwenzake, na wote watano wanapata hasara. Jambo hili haliwezi kutatuliwa na dereva mmoja mwema. Linataka Sacco, na ninyi tayari mko ndani ya Sacco.

Tunapendekeza mambo manne, mkayajadili wenyewe:

1. Foleni ya steji ifuatwe. Gari la mbele tu ndilo liwashe, na liwashe likibakiza viti viwili.

2. Kibao kiwekwe kwenye gari la mbele, kiandikwe “Hii ndiyo inatoka.” Abiria akijua lipi linatoka, hana haja ya kusikiliza injini.

3. Kila gari liwe na daftari. Wiki mbili andikeni lita mlizoweka na safari mlizofanya kama kawaida yenu. Wiki mbili nyingine fuateni mpango huu, muandike vilevile. Msituamini sisi, iaminini daftari yenu.

4. Pesa itakayookolewa ibaki kwa waliookoa. Wenye magari, tunawaomba, msipandishe hesabu ya siku mkiona vijana wamepata nafuu. Mkipandisha, mwezi ujao injini zote zitanguruma tena. Sehemu yenu mtaipata kwa injini iliyofanya kazi saa chache zaidi.

Ofisi yetu itakuja baada ya huo mwezi, tukae na daftari zenu tujumlishe pamoja. Yule ambaye hesabu ni ngumu kwake asione haya, tutamsaidia.

Sasa tunapenda kusikia ninyi, na tungependa makondakta waanze.