Adui Kabla Hajaonekana

(Maneno ya somo lililosomwa katika redio kwa madarasa ya watu wazima. Mmoja asome polepole kwa sauti, na wenzake wafuate kwa kidole.)

Vuteni viti karibu na redio, na kila mtu ashike kalamu na daftari lake.

Mmekwisha jifunza kusoma barua, tangazo na hati ya malipo. Leo tutasoma hadithi. Katika hadithi tutaangalia jambo moja tu, nalo ni hili: mtu mbaya anaingiaje katika hadithi? Maana kuingia kwake kwaweza kugeuza hadithi nzima, ikatoka kwenye kicheko ikaenda kwenye hofu.

Kwanza andikeni maneno mawili.

Neno la kwanza ni taharuki. Maana yake ni hali ya moyo unaongoja kwa wasiwasi. Mtu akibisha hodi usiku wa manane, nawe hujui ni nani, moyo wako umo katika taharuki.

Neno la pili ni manga. Hili si lile Manga letu la Uarabuni, ambalo latupa jina la pilipili manga. Hili ni neno la Kijapani. Manga ni hadithi iliyoandikwa kwa picha. Picha zimetiwa ndani ya miraba, na maneno ya watu yameandikwa karibu na vinywa vyao. Kitabu chake husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama kitabu cha Kiarabu. Wale waliopita chuoni utotoni hawatapata taabu.

Labda mzee mmoja kati yenu atasema, "Mwalimu, vitabu vya picha ni vya watoto." Mzee wangu, shikamoo. Huko Japani vitabu hivi husomwa na watoto na wazee pia. Tena mwenye kutunga hadithi ya picha hana nafasi ya maneno mengi, kwa hiyo kazi yake huonekana wazi, kama mifupa ya nyumba kabla haijakandikwa. Ndiyo sababu inatufaa sisi tunaojifunza.

Sasa sikilizeni habari yenyewe.

Palikuwa na mtungaji wa manga jina lake Akira Toriyama. Alizaliwa mwaka 1955, akafa mwaka 2024. Mwaka 1984 alianza hadithi iitwayo Dragon Ball katika gazeti la kila juma liitwalo Weekly Shonen Jump. Hadithi ile iliendelea mpaka mwaka 1995, ikawa na sura 519. Zilipokusanywa zilijaza vitabu 42.

Mwanzoni ilikuwa hadithi ya kuchekesha. Mtoto mmoja mwenye mkia, jina lake Son Goku, anasafiri na wenzake kutafuta tufe 7 za ajabu. Mtu akizikusanya zote, joka hutokea na kumtimizia haja moja. Mtoto huyu ana nguvu nyingi, lakini hajui mambo ya dunia. Hapo ndipo kicheko kinapotoka.

Goku ana rafiki, mtoto mwenye kipara aitwaye Kuririn. Wengine humwita Krillin. Walifundishwa pamoja na mzee mmoja anayekaa kisiwani, tumwite Mzee wa Kasa. Mzee huyu aliwatuma kugawa maziwa nyumba kwa nyumba alfajiri, kisha walime mashamba kwa mikono bila jembe. Hayo ndiyo yalikuwa mafundisho yao ya kupigana! Msomaji alicheka, lakini huku akicheka aliwapenda watoto hawa.

Na maadui je? Walikuwapo, lakini wengi walikuwa wa kuchekesha, au waligeuka wakawa marafiki. Wahenga walisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Maadui wale wa kwanza walikuwa mazimwi ya namna hiyo. Ni kweli kwamba mtu aliwahi kuuawa katika hadithi ile kabla ya siku tutakayoizungumza. Lakini alikuwa mtu ambaye wasomaji walikuwa wamekutana naye karibuni tu, na joka likamrudisha.

Sasa tufike mwaka 1987. Mashindano makubwa ya kupigana yamekwisha. Mashindano yale yana sheria: ukitoka nje ya uwanja umeshindwa, na kuua ni marufuku. Goku amepigana mpaka mwisho, akashindwa kwa bahati tu. Aliyemshinda alikuja akiwa adui, lakini sasa moyo wake umelainika. Watu wote wanafurahi, na Goku ana njaa, kama kawaida yake.

Mara Goku anakumbuka kwamba amesahau fimbo yake na tufe moja kule ndani. Kuririn anasema atakwenda yeye kumchukulia. Ni jambo dogo, ndugu zangu. Kila siku katika nyumba zetu mtu husahau kitu na mwenziwe humchukulia.

Kisha unasikika ukelele.

Goku anakimbia ndani. Kuririn amelala chini, amekufa. Mtangazaji wa mashindano ameumizwa. Anaeleza kwamba dubwana lilikuja, likachukua tufe na orodha ya majina ya wapiganaji. Na hapo imeachwa karatasi yenye herufi moja ya Kijapani, maana yake pepo mwovu.

Mzee wa Kasa anaitazama karatasi ile. Anatetemeka.

Hebu tusimame hapo. Mwuaji mwenyewe hatukumwona akifanya kazi yake. Bwana wake aliyemtuma hatujamwona pia, wala hatujasikia sauti yake. Hata hivyo, hadithi imekwisha geuka. Imegeukaje? Andikeni mambo manne.

La kwanza ni wakati. Adui hakuingia katikati ya vita. Aliingia baada ya vita, watu walipokuwa wamekwisha pumua. Mtu aliyejiandaa kupigwa haumii sana. Anayeumia ni yule aliyekwisha vua viatu akakaa.

La pili ni mahali. Mauaji yalifanyika mahali pale pale penye sheria, ambapo kuua ni marufuku. Kwa tendo hilo moja msomaji anafahamu kwamba sheria zile za zamani hazimlindi mtu tena. Na ile orodha ya majina, ambayo asubuhi ilikuwa karatasi ya mchezo, sasa imekuwa karatasi ya watu watakaowindwa. Karatasi ni ile ile, wala haikuongezwa neno. Kilichobadilika ni mkono ulioishika.

La tatu ni kuficha. Mtungaji alituonyesha alama tu: ukelele, maiti, karatasi. Alituachia sisi kazi ya kumchora adui kwa mawazo yetu. Tena kumbukeni kwamba gazeti lile lilitoka mara moja kwa juma. Sura ikiisha, msomaji alifunga gazeti akangoja siku saba. Siku zile saba hofu iliendelea kumea ndani yake, kama unga uliotiwa chachu.

La nne ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni uso wa Mzee wa Kasa. Mzee huyu ni bingwa aliyewafundisha wengine. Kama angetetemeka mtoto, tungesema, "Ni mtoto tu." Lakini akitetemeka mzee tunayemtegemea, tunajua kuna jambo. Nyumbani kwetu ni hivyo hivyo. Mtoto akisikia ngurumo huangalia kwanza uso wa baba. Baba akitulia, naye hutulia.

Baadaye mzee anawasimulia wenzake habari za Piccolo, mfalme wa mapepo. Hapo zamani Piccolo aliiharibu dunia. Hakuna aliyeweza kumshinda, mpaka mwalimu wa Mzee wa Kasa alipomfungia kwa ufundi wa ajabu, akafa kwa kazi hiyo. Alimfungia wapi? Katika chombo cha umeme cha kuwekea wali! Mwaona? Mtungaji hakuufukuza mzaha wote. Aliacha kidogo, ili tukumbuke hadithi ilivyokuwa.

Baada ya siku ile mambo yalikwenda kasi. Goku, mwenye hasira na njaa, alimfuata mwuaji asimsikilize mzee. Akapigwa vibaya. Wapiganaji waliokuwa katika orodha wakauawa. Mzee wa Kasa mwenyewe akajaribu kumfungia Piccolo kama alivyofanya mwalimu wake. Akashindwa, akafa. Piccolo alipozipata tufe zote aliomba kurudishiwa ujana wake, akapewa. Kisha akaliua joka lenyewe, ili asiwepo mwingine wa kuomba.

Sasa twaweza kusema fundisho la leo. Adui wa hadithi hatishi kwa pembe zake wala kwa meno yake. Hutisha kwa kile ambacho msomaji anaogopa kukipoteza. Toriyama alitumia karibu miaka mitatu kutuchekesha na watoto wale wawili. Kicheko kile hakikupotea bure, kilikuwa akiba. Siku Piccolo alipoingia, mtungaji alikwenda akaifungua akiba hiyo. Kama Kuririn angekufa katika sura ya kwanza, nani angelia?

Lakini lazima tuwe wa haki. Mlango huu ukifunguliwa ni vigumu kuufunga. Baada ya Piccolo, hadithi ile haikurudi tena kuwa ile ya kwanza. Walikuja maadui wengine, kila mmoja na nguvu kumzidi aliyemtangulia. Kuna wasomaji waliofurahi, na kuna waliokitamani kicheko cha zamani. Tena Kuririn alirudishwa hai. Baadaye akauawa tena na adui mwingine, akarudishwa tena. Msomaji akijua kwamba aliyekufa atarudi, machozi hupungua. Ndiyo sababu kifo kile cha kwanza kinakumbukwa kuliko vingine. Hofu ni kama chumvi. Ya kwanza hukoleza, na ikizidi mchuzi haulambiki.

Haya, tujaribu sisi wenyewe. Someni mistari hii:

"Usiku ule aliingia mwizi mkali sana, mwenye panga kubwa. Tuliogopa mno."

Sasa someni hii:

"Mbwa wetu hubweka kila mtu apitapo. Hata baba akirudi kutoka msikitini humbwekea, nasi humcheka. Usiku ule tulisikia mlango wa ua ukilia. Mbwa hakubweka. Baba akaipunguza taa, akatuwekea kidole mdomoni."

Mistari ya kwanza inakuambia kwamba watu waliogopa. Mistari ya pili inakutia hofu wewe mwenyewe. Wala mwizi hatajwi! Kuna mbwa tuliyezoea kumcheka, kuna kimya, na kuna kidole cha baba. Hata picha si lazima.

Kwa nini nawafundisheni jambo hili, ninyi mlioanza kusoma ukubwani? Kwa sababu kusoma si kutamka herufi tu. Anayejua kusoma hujiuliza, "Mwandishi huyu amenitia hofu. Amenitiaje?" Leo ni hadithi, na hofu ya hadithi ni ya kutupendeza tu. Lakini kesho yaweza kuwa karatasi iliyobandikwa ukutani, au maneno ya mtu anayetaka fedha zako. Naye anaweza kutumia njia hizi hizi: anakutajia adui asiyemwonyesha, anakukumbusha wanao unaowapenda, anakuonyesha mkubwa mmoja anayetetemeka. Aliyekwisha jifunza njia hizi katika hadithi atazitambua hata nje ya hadithi. Atauliza, "Huyo adui yuko wapi? Nani amemwona?" Swali hilo laweza kumwokoa mtu na shamba lake.

MASWALI

1. Kuririn alirudi ndani kufanya nini? Kwa nini ni vizuri kwamba lilikuwa jambo dogo?

2. Taja vitu viwili vilivyochukuliwa na mwuaji, na kitu kimoja kilichoachwa.

3. Kwa nini tuliogopa zaidi alipotetemeka Mzee wa Kasa?

4. Orodha ya majina ilibadilika namna gani, ingawa haikuandikwa neno jipya?

KAZI YA NYUMBANI

Andika hadithi fupi ya mistari kumi. Mistari mitano ya kwanza imfanye msomaji acheke. Katika mistari mitano ya mwisho mtu mbaya aje, lakini asionekane. Tumia alama tu: kitu kilichoachwa, sauti, au uso wa mtu. Kisha msomee mtu wa nyumbani kwako. Akikuuliza, "Halafu ikawaje?" ujue umefaulu.

Nami pia nitawaacheni hapo, mngoje kidogo. Juma lijalo tutasoma jinsi adui anavyoweza kugeuka akawa rafiki bila msomaji kuona kwamba amedanganywa. Kwa maana yule Piccolo, kabla ya kufa kwake, aliacha yai, na mtoto aliyetoka katika yai hilo ana habari ndefu.

Kwaherini, ndugu wanafunzi. Anayemaliza kusoma mwisho asikate tamaa. Amsaidie jirani yake, naye atasaidiwa.