Sheria Isiyoeleweka ni Fimbo ya Mwenye Nguvu



Tumeitwa kuzungumzia jambo ambalo wengi hudhani ni la mawakili peke yao, nalo ni uandishi wa sheria. Sisi twasema ni jambo la kila mfugaji na kila mchuuzi, kwa sababu neno likiandikwa ovyo Nairobi, mwananchi hulilipia Wajir na Mandera.

Mkoloni alituachia sheria ya mwaka 1934 iliyomruhusu mtawala kulikamata kabila zima na kutwaa mifugo yake, pindi akiliona kuwa kabila hasimu. Uhasimu huo ulipimwa na nani? Na mtawala huyo huyo. Sheria hiyo haikufutwa hadi mwaka 1997, miaka 34 baada ya uhuru.

Mwaka 1970 Bunge letu wenyewe lilipitisha sheria ya kinga. Iliwafungia wananchi mlango wa mahakama kwa yale waliyotendewa na maofisa wa Serikali kati ya tarehe 25 Desemba 1963 na tarehe 1 Desemba 1967, katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki, Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Tazameni ustadi huo! Tarehe zimeandikwa, wilaya zimetajwa kwa majina. Walipotaka kumlinda mtumishi wa dola, kalamu haikutetereka. Walipofika kwenye sharti la kwamba kitendo kiwe kilitendwa kwa nia njema, wakaacha neno pana lisilo na mpaka. Nia itapimwaje ikiwa hakimu hawezi kumsikiliza aliyedhulumiwa?

Ndugu zetu, msidhani hayo ni ya kale tu. Mwishoni mwa 2014, baada ya damu kumwagika Mandera, Bunge lilipitisha kwa haraka sheria moja ya usalama iliyorekebisha sheria nyingi kwa mpigo. Kifungu kimoja kiliweka faini ya hadi shilingi milioni 5 kwa atakayechapisha mambo yanayoweza kuwatia watu hofu. Hofu ya nani, na kiasi gani? Haikuelezwa. Kifungu kingine kiliweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchini, ilhali Dadaab pekee wakati huo ilikuwa na zaidi ya 300,000. Waliozidi wangepelekwa wapi? Mnamo Februari 2015 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu vinane, hivyo viwili vikiwamo.

Hatusemi kwamba usalama si kitu. Mji huu wa Garissa uliopoteza wanafunzi wake mwezi Aprili 2015 hauhitaji kufundishwa thamani ya usalama. Twasema kwamba sheria iliyoandikwa kwa pupa haimzuii muuaji, bali humpa askari mzembe kisingizio cha kumkamata asiye na hatia.

Katiba ya 2010 imetupa silaha. Kifungu cha 24 chadai kwamba sheria inayopunguza haki ieleze wazi ni haki gani na kwa kiasi gani. Kifungu cha 118 chalitaka Bunge liwashirikishe wananchi. Kwa hivyo twadai mambo manne. Mswada mmoja ushughulikie jambo moja. Kila mamlaka mapya yawekewe mpaka na njia ya kukata rufani. Miswada itolewe pia kwa Kiswahili sanifu, na ifafanuliwe kwa Kisomali barazani kabla ya kupigiwa kura. Na wananchi wapewe majuma ya kuisoma, si saa.

Nasi mawakili tutubu. Tumezoea kuficha maana katika sentensi ndefu, kisha tukamtoza mwananchi ada ya kumfafanulia.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa sheria huanzia katika neno moja. Mjumbe wenu akirudi kuomba kura, mwulizeni: ule mswada ulioupitisha, uliusoma?