Motakaa Moja, Njia Mbili

Jioni hii twataka kuwaeleza habari za motakaa ya namna ya peke yake: imeundwa kwa ajili ya uwanja wa mashindano, walakini sheria yairuhusu kupita barabarani pamoja na motakaa za watu wote. Mfano wake ulio maarufu ni Lotus Seven ya Uingereza.

Aliyeibuni ni Colin Chapman, mhandisi aliyesoma katika chuo kikuu mjini London, nayo ilitokea mwaka 1957. Watu wengi hudhani kwamba atakaye mwendo hana budi kuongeza nguvu za injini. Chapman alifuata njia nyingine: alipunguza uzito. Kila apandaye baiskeli ajua jambo hili. Asiye na mzigo huondoka upesi, hukata kona bila taabu, na akishika breki husimama mara. Bali aliyefunga gunia la mahindi nyuma, kila jambo humwia zito. Basi Chapman alifanya kiunzi cha mabomba membamba ya chuma, akakivika mabati ya alumini, akatia injini na viti viwili; paa la chuma hakutia, wala milango ya chuma.

Wanunuzi wengi waliipokea vipande vipande, wakaiunga wenyewe nyumbani, maana motakaa iliyokamilika ilitozwa kodi ya ununuzi, na vipande viliepukana nayo. Mwaka 1973 Graham Nearn wa Caterham Cars alipata haki ya kuiunda, na kampuni hiyo yaiunda hata leo. Moja katika hizo, iliyotolewa mwaka 2021, ina nguvu za farasi 84 tu, na uzito wake ni kilo 440, usiofika nusu ya uzito wa motakaa nyingi ndogo za kawaida.

Sasa mfuateni mwenye motakaa hiyo siku ya mapumziko. Aondoka kwake asubuhi, motakaa ina taa, honi na namba kama sheria itakavyo, mpaka afike uwanja kama Silverstone, ambao wakati wa vita ulikuwa uwanja wa ndege. Hapo huvaa kofia ngumu. Ndani ya uwanja wote huenda upande mmoja. Hapana mtoto avukaye wala ng'ombe apitaye. Wasimamizi wenye bendera huonya hatari, na waganga wa ajali wako tayari. Aliyekosea kona aweza kukuta changarawe ya kumpunguzia mwendo. Jioni hurudi kwa motakaa ile ile, yenye breki zile zile. Lakini kando ya njia sasa yuko mzee mwenye mkongojo, na watoto wachezao.

Hapo ndipo penye hatari, maana macho yake yamekwisha kuzoea mbio, na mwendo mkubwa waonekana mdogo. Kitabu cha sheria za barabara cha Uingereza chasema kwamba motakaa iendayo maili 30 kwa saa huhitaji mita 23 tangu dereva aone hatari mpaka isimame. Ikienda maili 60, huhitaji mita 73. Mwendo umeongezeka mara mbili, bali njia ya kusimamia imezidi mara tatu. Sheria yaweza kukagua taa na breki. Moyo wa mshika usukani haiwezi kuukagua katika kila kona.

Sisi walimu huita majina ya watoto kila asubuhi. Hatutaki jina moja likose kuitikiwa kwa sababu mtu fulani alisahau kwamba ametoka uwanjani.

Wahenga walisema, kila chombo kwa wimbile. Chombo hiki kina mawimbi mawili, la uwanjani na la barabarani, nacho chenyewe hakibadiliki. Basi abadilike nahodha, kabla hajatoka langoni.