ACHIENG ONEKO NA KITI CHA NAKURU MJINI: MBUNGE NI WA NANI?

Mhadhara uliotolewa mbele ya wanachama na wapenzi wa mageuzi, Nakuru



Watu wengi wanapoitaja historia ya vyama vingi nchini Kenya huanzia Desemba 1991, kifungu cha 2A kilipofutwa katika Katiba. Si kosa kuanzia hapo, lakini kufanya hivyo ni kuusahau mji huu. Robo karne kabla ya siku hiyo, wapiga kura wa Nakuru Mjini waliulizwa swali ambalo taifa halijamaliza kulijibu hadi leo: mbunge ni wa wananchi waliomchagua, ni wa chama kilichompa tikiti, au ni wa dhamiri yake? Aliyewafanya waulizwe swali hilo ni Ramogi Achieng Oneko.

Oneko alizaliwa mwaka 1920 Uyoma, kando ya Ziwa Viktoria, akasoma Maseno. Alikuwa mwandishi wa habari kabla ya kuwa mwanasiasa, naye alilihariri gazeti la Kijaluo lililoitwa Ramogi. Katika chama cha KAU alipanda hadi kuwa Katibu Mkuu, na mwaka 1951 yeye na Mbiyu Koinange walitumwa Uingereza kupeleka malalamiko ya Waafrika juu ya ardhi. Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, alikamatwa pamoja na Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba. Kati ya hao sita walioshtakiwa Kapenguria, yeye alikuwa Mjaluo pekee. Aprili 1953 walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu.

Hapa pana jambo ambalo hatulikumbuki inavyostahili. Mwaka 1954 rufani ya Oneko ilikubaliwa, na hukumu yake ikafutwa. Mahakama ya mkoloni yenyewe ilisema hana hatia. Hata hivyo hakurudi nyumbani. Serikali ilimweka kizuizini kwa amri tu, bila kesi, hadi mwaka 1961. Basi kabla hajawa mbunge, Oneko alikuwa amekwisha kujifunza kwamba haki mahakamani haimsaidii mtu kitu ikiwa serikali ina kalamu inayoweza kumfunga pasipo mahakama. Lishikeni jambo hilo, kwa maana litarudi.

Mei 1963 alisimama hapa Nakuru Mjini kwa tikiti ya KANU, akachaguliwa. Tafakarini maana ya ushindi huo. Nakuru ulikuwa mji mkuu wa Nyanda za Wazungu. Walioujaza ni wafanyakazi wa reli, vibarua wa mashamba, wafanyabiashara Wahindi, Wakikuyu, Waluhya, Wajaluo, Wakalenjin na wengineo. Aidha, chini ya katiba ya majimbo ya mwaka huo, Baraza la Jimbo la Bonde la Ufa lilikuwa na makao yake hapa hapa, likiwa mikononi mwa KADU, na Rais wa Baraza hilo alikuwa Daniel arap Moi. Mji mmoja, vyama viwili, na mbunge aliyezaliwa Uyoma. Hakuna aliyeuliza babu yake Oneko amezikwa wapi. Walioshuhudia yaliyotokea Molo na Olenguruone mwaka 1992, Njoro mwaka 1998, na mjini humu Januari 2008, wanajua tulipoteza nini tulipoanza kuulizana swali hilo.

Tarehe 12 Agosti 1963, Waziri Mkuu Kenyatta alikuja Nakuru akawahutubia masetla. Aliwaahidi kwamba yaliyopita yatasamehewa, na kwamba waliotaka kubaki na kulima wangebaki. Hotuba hiyo ilisifiwa duniani kote, na iliituliza nchi. Lakini maskwota waliokuwa wakilima mashamba yale yale nao walikuwa na swali: je, ardhi tuliyonyang'anywa, sasa tutaiuziwa? Ndani ya KANU walikuwamo viongozi waliolichukua swali hilo, wakisema si haki asiye na kitu alazimishwe kukopa ili anunue ardhi ya babu zake. Hao ndio akina Jaramogi Oginga Odinga na Kaggia, na Oneko alikuwa upande wao.

Katika serikali mpya Oneko alikuwa Waziri wa Habari, Utangazaji na Utalii. Wakati wake, mwaka 1964, shirika la utangazaji lilichukuliwa na serikali, likawa Sauti ya Kenya. Nia ya kuitoa redio katika mikono ya wageni ilieleweka. Hata hivyo tuseme kweli, kwa kuwa hatukuja hapa kumfanya mtu malaika. Redio ilipotoka kwa wageni haikukabidhiwa wananchi, ilikabidhiwa serikali. Oneko alipoondoka serikalini miaka miwili baadaye, kipaza sauti alikiacha mikononi mwa waliokuwa sasa wapinzani wake. Kila mwanamageuzi anayetarajia kutawala na alizingatie hilo: usiunde chombo ambacho ungeogopa kukiona mikononi mwa adui yako.

Sasa tuingie mwaka 1966. Mwezi wa Machi, katika mkutano wa KANU uliofanyika Limuru, cheo cha Makamu wa Rais wa chama kilivunjwa vipande vinane, kimoja kwa kila mkoa, na Odinga akasukumwa nje. Aprili alijiuzulu serikalini. Oneko, aliyekuwa msiri wa Kenyatta na mwenzake wa kizimbani, alijiuzulu pia, akajiunga na chama kipya cha KPU. Aliuacha uwaziri, akauacha na urafiki wa miaka mingi. Hakuna aliyekuwa amemfukuza.

Serikali ilijibu upesi. Mwezi huo huo wa Aprili, Katiba ilibadilishwa kwa haraka kubwa: mbunge atakayekihama chama kilichomdhamini atapoteza kiti, arudi kwa wapiga kura. Hoja yao ilikuwa kwamba mwananchi alipigia kura ilani ya KANU, kwa hiyo mtu hawezi kuichukua kura hiyo kama mzigo wake binafsi akaihamishia nyumba nyingine. Ndugu zangu, hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mimi naikubali. Kura ni amana.

Lakini ulizeni: mwaka 1964, wabunge wa KADU walipohamia KANU na chama chao kikavunjwa, ni nani kati yao aliyerudishwa kwa wapiga kura? Hakuna. Kuhama kuelekea serikalini kuliitwa umoja wa kitaifa. Kuhama kutoka serikalini kukaitwa usaliti. Ubaya haukuwa katika kanuni yenyewe. Ubaya ulikuwa kwamba ilitungwa siku ilipomfaa mwenye nguvu, na ikawalenga watu ambao majina yao yalikwisha kujulikana.

Ndipo ukaja ule uliokuja kuitwa uchaguzi mkuu mdogo, Juni 1966, wa viti 29 vya mabaraza yote mawili ya Bunge. KPU ilipata viti tisa tu, ijapokuwa jumla ya kura ilizopata nchini ilizidi zile za KANU. Oneko alikuwa miongoni mwa walioshindwa. Watu wa Nakuru Mjini waliompa kiti mwaka 1963 walimpa mtu mwingine.

Wako wanaowalaumu wazee wetu kwa kura hiyo. Mimi siwalaumu. Mji huu ulikuwa chini ya macho ya serikali, ambayo ndiyo iliyogawa mashamba, kazi na leseni. Mtu mwenye watoto hupima. Tena yawezekana wengine walimkataa kwa hiari yao, na hiyo ni haki yao. Jambo la kumsifu Oneko ni kwamba alikubali kupimwa. Alijua kiti kinaweza kupotea, na bado akaenda.

Yaliyofuata yalitoa picha ya njia nzima tuliyoipita. Mwaka huo huo wa 1966 serikali ilirudishiwa uwezo wa kuweka watu kizuizini bila kesi. KPU ilinyimwa leseni za mikutano mara kwa mara. Mwaka 1968, katika uchaguzi wa mabaraza ya wilaya na miji, karatasi za wagombea wake zilikataliwa kwa madai kwamba hazikujazwa sawasawa. Oktoba 1969, baada ya damu kumwagika Kisumu, chama kilipigwa marufuku na viongozi wake wakakamatwa. Oneko alitiwa kizuizini hadi mwaka 1975. Miaka tisa chini ya Gavana, na takriban sita chini ya Rais aliyekuwa mfungwa mwenzake. Kalamu ilikuwa ile ile. Mkono tu ndio uliobadilika.

Vyama vingi viliporudi, mzee huyu hakusema amechoka. Desemba 1992, akiwa na umri wa miaka 72, alichaguliwa mbunge wa Rarieda kwa tikiti ya FORD-Kenya. Alifariki dunia Juni 2007, akiwa wa mwisho kati ya wale sita wa Kapenguria.

Ndugu Mwenyekiti, kanuni ya mwaka 1966 ingali nasi. Kifungu cha 103 cha Katiba ya 2010 kinasema mbunge anayejiuzulu kutoka chama chake hupoteza kiti. Hata hivyo tumewaona waheshimiwa wakihama kwa moyo na kwa tumbo, wakala meza moja na upande walioapa kuupinga, wakabaki na viti vyao kwa sababu tu hawajaandika barua. Oneko aliandika barua, akalipa. Hao hawaandiki, na wanalipwa.

Kwa hiyo nawaachia kazi tatu. Kwanza, mgombea akija kwenu, mwulizeni mbele ya watu: ukikosana na chama chako, utarudi kwetu au utajificha Nairobi? Pili, ulizeni kama sheria inamkata anayehamia serikalini sawasawa na anayetoka serikalini. Isipofanya hivyo, ni panga lenye makali upande mmoja. Tatu, kataeni kumpima mtu kwa kaburi la babu yake. Nakuru iliwahi kumchagua mbunge kwa yale aliyoyasimamia, tena mwaka 1963, kabla bendera yetu haijapandishwa. Tusiambiwe leo kwamba jambo hilo haliwezekani.