Mlima Ukipasuka, Nani Apokee Simu?



Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang, mkoani Manyara, ilimeguka. Tope, mawe na magogo viliteremka hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Uvumi ulienea kwamba volkano imelipuka. Wataalamu wa Serikali walieleza kuwa haikuwa hivyo: miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikazidiwa, ikaporomoka.

Maelezo hayo yana maana kubwa kwa kila aishiye chini ya kilima. Pale Mwanza, nyumba nyingi zimejengwa katikati ya majabali. Jabali lililotulia karne nyingi limeshikwa na udongo ulio chini yake na mizizi ya miti. Maji yakichimba udongo huo, mti ukikatwa kuni, au mwenye nyumba akichonga kilima kupanua kiwanja chake, jabali hubaki halina pa kuegemea. Dalili huonekana: ufa mpya, mti ulioinama, changarawe zinazodondoka usiku. Wa kwanza kuziona si mtaalamu. Ni mama achotaye maji, na mtoto aendaye shule.

Sasa mama huyo apige simu. Katika ofisi nyingi za siku hizi, za umma na za makampuni, hujibiwa na mtambo. Sauti laini humkaribisha, humtaka abonyeze moja kwa malipo, mbili kwa malalamiko, tatu kurudia maelezo. Jabali halina namba yake. Akibahatika kufika kwa wahudumu, huambiwa wote wana shughuli, kisha hupigiwa muziki mpaka salio liishe. Muziki wenyewe huwa mzuri. Ubaya ni kwamba mara nyingi yeye ndiye anayeulipia.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea viongozi wenye majivuno na dharau. Mtambo hauna majivuno wala dharau, na hapo ndipo penye hatari. Karani aliyezoea kusema "njoo kesho" alikuwa na jina. Aliweza kuitwa mkutanoni akajieleza. Mtambo utaitwa na nani?

Isidhaniwe kwamba mashine zinapingwa. Katika kijiji cha Brienz, Uswisi, rada zilipima mwendo wa mlima usiku na mchana. Wakazi wake, wasiofikia 100, waliondolewa Mei 2023. Usiku wa kuamkia Juni 16 mawe yaliporomoka, yakasimama karibu kabisa na nyumba, na hakuna aliyekufa. Lakini nyuma ya rada walikuwapo wataalamu waliozisoma, wakaketi na wanakijiji mikutanoni.

Wilaya isiyo na rada haikosi daftari, wala haikosi mtu mmoja mwenye jina wa kupokea taarifa za hatari saa zote, namba yake ikabandikwa shuleni, kwenye zahanati na kwa balozi wa shina. Mwalimu aandike tarehe, mahali ufa ulipo na upana wake, kisha apime tena baada ya wiki. Afisa aende akaone kwa macho yake. Na kabla ya mvua za msimu, kila mkurugenzi apige namba ya ofisi yake kwa simu ya jirani, ahesabu dakika.