Kuchagua Samaki Walao Mwani

 

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya samaki wafugwao nyumbani, katika tangi la kioo la maji baridi. Mtu hununua tangi, hutia maji na samaki, hufurahi. Baada ya majuma machache kioo huwa kijani, mawe huwa kama yamevikwa nguo, na samaki hawaonekani vizuri. Basi hurudi dukani kuuliza, "Je, yuko samaki alaye uchafu huu?"

Yuko. Lakini lazima kumchagua, kwani wengi wauzwao kwa kazi hii hawafai tangi dogo hata kidogo.

Kwanza, ukijani ule si uchafu. Ni mimea midogo sana iitwayo mwani. Hutaka mwanga na mbolea. Mwanga huupata dirishani au kwenye taa. Mbolea huipata katika kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki. Sasa fikirini: samaki mpya utakayemtia, naye atakula na kutoa kinyesi. Kwa hiyo yeye ni msaidizi tu. Kazi iliyobaki ni yako. Liondoe tangi dirishani. Taa isiwake zaidi ya saa nane kwa siku. Kila juma badili robo ya maji, na usugue kioo kwa sifongo isiyotiwa sabuni.

Tupime tangi lenyewe. Chukueni kalamu. Urefu ni sentimita 60, upana 30, kimo 30. Zidisha 60 kwa 30, kisha kwa 30 tena. Tunapata 54,000. Gawa kwa 1,000. Ni lita 54, na ukitia mchanga na mawe, maji hupungua zaidi. Ikumbuke hesabu hii ufikapo dukani.

Huko dukani huenda ukaonyeshwa pleko kwanza. Huyu ni jamii ya kambare wa Amerika ya Kusini. Ngozi yake ni ngumu kama ngao, na mdomo wake uko chini ya kichwa, naye hushika kioo kwa kukifyonza. Akiwa dukani ana urefu wa kidole, na anapendeza sana. Lakini pleko wa kawaida hukua akapita sentimita 30, na wengine hukaribia 50. Tangi letu lina upana wa sentimita 30. Atageukaje? Tena kadiri akuavyo hupunguza kula mwani na kuzidisha kinyesi.

Hapo ndipo mtu mwenye huruma humchukua akamwachia mtoni. Huruma hiyo ni hatari. Huko Mexico, na katika jimbo la Florida, Marekani, mapleko waliotoka kwa wafugaji wamezaana katika mito na maziwa. Huchimba mashimo ya kutagia mayai katika kingo, na kingo huporomoka. Katika bwawa la Infiernillo, Mexico, wavuvi walizoea kuvua perege, ambaye asili yake ni huku kwetu Afrika. Baadaye walitoa nyavu zimejaa pleko. Watu wa Ziwa Viktoria hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Sangara alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi za furu zimetoweka tangu hapo. Miongoni mwa furu walikuwamo walao mwani. Sangara amewapa watu kazi na fedha, sikatai, lakini furu wale hawarudi.

Wa pili utakayeonyeshwa ni samaki mwembamba wa Asia, auzwaye kwa jina la mla-mwani wa Kichina. Akiwa mdogo hufanya kazi. Akikua huwa mkali, hushikamana na mbavu za wenzake na kuwafyonza ute wa ngozi. Mwacheni.

Je, samaki wetu? Katika Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa wako samaki wazuri wenye rangi, ambao hukwangua mwani mawenimchana kutwa. Nao pia hawafai tangi la lita 54, maana hugombea mahali mpaka kuuana. Wataka tangi kubwa na mawe mengi.

Basi nani anafaa? Mimi namchagua oto. Naye ni jamii ya kambare wa Amerika ya Kusini, lakini akikomaa ana urefu wa sentimita 4 tu. Ni mpole. Hukaa kwa kundi, kwa hiyo nunua sita, usinunue mmoja. Usimtie katika tangi jipya linalong'aa, kwani atakufa kwa njaa. Ngoja miezi miwili au mitatu, mpaka mwani uwepo. Ukipungua, mpe kipande chembamba cha tango, na ukitoe kabla hakijaoza. Siku ya kununua, mtazame tumboni anaposhika kioo. Tumbo likiwa la mviringo, ameshiba. Likiwa limebonyea ndani, usimchukue.

Yako na madoa ya kijani, magumu, ambayo hata oto hayawezi. Hayo yakwangue mwenyewe, au ununue konokono wale wa milango ya mito, ambao mayai yao hayaanguliwi katika maji baridi, kwa hiyo hawatakujazia tangi. Lakini nasema kununua. Msiokote konokono dimbwini wala mferejini kwa ajili ya tangi. Baadhi yao hubeba vijidudu vya kichocho, navyo huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya mkono uliotiwa majini. Mtoto wako ndiye atakayechezea maji yale.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kupima chakula cha samaki. Mje na rula na kalamu. Kwaherini.